Jeki Imo Stoo, Mgongo Umo Kaburini

Amekufa. Wa soko letu wanajua ninamsema nani, maana tangu Jumatano hakuna kingine kinachosemwa. Ninyi mnaonisoma kutoka mbali mjue tu kwamba alikuwa jirani yangu, ng'ambo ya ua wa minyaa, baba wa watoto watano, na kwamba kuanzia kwetu hadi Kalamba alijulikana kwa kazi moja: kuinua pikipiki kwa mikono. Ndiyo, mmesoma vizuri. Pancha ikitokea, watu hawakutafuta jeki, walimtafuta yeye. Mjane wake alikuja kwangu asubuhi nikitwanga muthokoi, mahindi ya kukoboa, mtoto mgongoni, mapacha wakigombania kopo. Hakupiga hodi. Alisema tu, "Mama Mapacha, amepumzika." Niliweka mchi chini, na badala ya kusema pole kama mtu aliyelelewa vizuri, nikauliza, "Na jeki iko wapi?" Akaniangalia. "Si iko stoo ya kanisa," akasema. Ndipo tukaanza kulia, sote wawili.

Nianze na pikipiki zenyewe. Nilipokuwa msichana, ule mwaka wa njaa, tulipokula mahindi ya manjano ya msaada, kwetu kulikuwa na pikipiki moja tu, ya afisa wa mifugo, na ilipopita tulikimbia barabarani kunusa moshi. Siku hizi ziko kadhaa: ya mhubiri, ya mwalimu mkuu, ya mwenye duka la dawa za ng'ombe, na ile ya afisa wa mifugo bado iko, ingawa afisa ni wa tatu. Nchi yetu mnaijua. Miiba ya migunga haijali tairi ni la serikali au la Mungu. Na pikipiki hizi zina stendi ya ubavuni tu. Ile kubwa ya katikati, inayoinua gurudumu, kama ilikuwapo ilishavunjika kwenye makorongo ya Ikutha. Sasa utatoaje gurudumu la nyuma? Watu wenye akili wangenunua jeki. Sisi tulikuwa na jirani yangu. Alichuchumaa nyuma, akaweka bega chini ya kiti, akavuta pumzi, na pikipiki ikapanda kama mbuzi anayebebwa. Mtu mmoja mbele ameshika usukani isiyumbe, mwingine anasukuma kitu chini ya injini. Kitu hicho, naomba iandikwe, kilikuwa kinu changu. Hawakuomba ruhusa hata siku moja. Kwa miaka minne watoto wangu wamekula muthokoi wenye harufu ya oili, na nikilalamika naambiwa, "Mama, si utakisafisha tu?"

Malipo yake yalikuwa sifa. "Huyu ni mwanaume!" "Huyu alizaliwa mwaka wa ng'ombe wanono!" Wazee walimgonga mgongo, huo huo mgongo, wakaondoka na pikipiki zao. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tumezidi wahenga: mgema wetu akisifiwa huvunjika kiuno.

Na jeki ilikuwapo! Hapa ndipo damu yangu huchemka, na daktari alishanionya nisichemke nikinyonyesha. Miaka kadhaa iliyopita wageni walilitembelea kanisa letu, wakaona shida yetu ya usafiri, wakaacha ahadi ya gari. Kwa kuanzia wakatuachia jeki, ile ya kuzungusha kwa mkono wa chuma, inayofunguka kama mkasi, mpya, imepakwa grisi. Gari halijaja mpaka leo. Jeki kamati iliipokea kwa wimbo, ikaifunga kwa kitambaa cheupe na kuiweka stoo, na ufunguo akapewa mwenyekiti. Nilisimama kwenye mkutano baada ya ibada, nikiwa na mimba ya miezi minane, nikasema hiyo jeki itoke ifanye kazi. Mwenyekiti alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayekula udongo.

"Mama Mapacha, jeki ni ya gari."

"Gari liko wapi, mzee?"

"Inakuja."

"Na kabla lije, jirani yangu aendelee kuwa jeki?"

"Imeandikwa kwa kumbukumbu za mkutano, mama. Jeki ya gari ya kanisa. Ikiinua pikipiki ya dawa ya ng'ombe, halafu gari ifike, tutawaambia wageni nini? Ati jeki ilishatumika?" Watu wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akaongeza kwamba haijawekwa wakfu, na kitu kisichowekwa wakfu hakiwezi kubeba mzigo. Jirani yangu alikuwa amekaa benchi la nyuma. Alicheka kidogo, akajishika kiuno. Nadhani ni mimi peke yangu niliyeona alivyojishika.

Siku iliyommaliza haikuwa na maajabu. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanjani kwangu, pikipiki ya afisa wa mifugo. Jirani yangu yuko chini na bega lake. Kinu kimekaa upande upande kwenye mchanga wetu, na mnajua mchanga wetu ulivyo, hata kuku akisimama anazama. Aliyeshika usukani ni mume wangu, ambaye ni seremala na mabega anayo, ndiyo maana huitwa kushika. Ndipo mwenyekiti akatokea njiani na fimbo yake na Biblia yake, akaingia uwanjani, akanyoosha mkono. "Habari ya saa hizi, fundi?" Wasomaji wangu, ninyi mmelelewa kama mimi. Mkubwa akikunyooshea mkono, unafanyaje? Unampa wa kulia, na wa kushoto unashika kiwiko cha ule wa kulia, kuonyesha una adabu. Yaani mikono yote miwili. Mume wangu ana adabu sana. Aliachilia usukani, akampa mwenyekiti mkono wa kulia, akashika kiwiko kwa wa kushoto, akasema, "Nzuri, mzee." Pikipiki ikageuka, ikateleza kwenye kinu, ikamlalia jirani yangu kiunoni. Nilisikia sauti, na sitaieleza kwa sababu watoto wake wanasoma. Mwenyekiti alikuwa bado ameushika mkono wa mume wangu. Akasema, "Ai! Pole sana."

Tangu siku hiyo hakutembea tena akiwa wima, na baada ya miezi hakutembea kabisa. Wenye pancha walisukuma pikipiki zao hadi Kalamba, wakisema watamngoja apone. Nilikuwa nikimpelekea uji. Kitandani alikuwa mtu mwingine, mcheshi, mwenye maneno ambayo hakuwahi kuyatoa alipokuwa na nguvu. Siku moja nilikuwa nikiwatukana wanakamati mmoja mmoja, akanikatiza. "Mama Mapacha, wewe unadhani mimi sikujua jeki? Mimi nimekuwa utingo wa lori ya mbuzi huko Ikutha miaka mitatu. Nilitoa magurudumu mpaka nikiwa nimelala usingizi. Jeki naijua kuliko hao wote." Nikamuuliza, basi kwa nini hukusema? "Wakikuita mwanaume mbele ya watu," akasema, "utawaambiaje kwamba hata chuma kidogo kama sufuria ya chai kinaweza hiyo kazi?" Sikumhurumia wakati huo, nawaambia ukweli. Nilikasirika naye pia, nikambamizia kikombe mezani, na yeye akacheka mpaka akaumia. Halafu akaniambia nilete daftari.

Alichoniamuru niandike ni hiki, na nakitoa hapa kama alivyokitoa, maana mkutano haukumwuliza kamwe. "Kwanza, chini pawe sawa na pagumu. Kwa mchanga wetu weka ubao mpana, jeki ikae juu ya ubao. Injini ikiwa moto, ngoja, usijichome. Legeza nati za gurudumu wakati pikipiki bado imesimama chini, sio ikiwa juu, utaivuta ikuangukie. Unatoa gurudumu la nyuma? Basi gurudumu la mbele weka mawe mbele na nyuma, na breki ya mkono ifunge na kipande cha tyubu isilegee. Usukani funga kamba kwa mti au nguzo, pande mbili. Jeki iende chini ya fremu, chuma chenyewe, na kipande cha mbao katikati. Sio bomba la moshi, linapinda. Sio bakuli la oili, linapasuka. Zungusha polepole. Gurudumu likiweza kuzunguka bila kugusa chini, simama hapo, hatuinui pikipiki iende mbinguni. Tikisa kidogo uone kama imekaa. Halafu weka magogo pande zote mbili, kwa sababu jeki ni ya kuinua tu, sio ya kuaminiwa. Usiweke mkono wala mguu chini yake. Watoto na kuku wafukuze." Akapumzika. "Na mwenye kushika usukani asiachilie. Hata akipita nani." Nikaandika, nikapiga mstari chini yake. Kisha akanishika mkono, mkono wake ukiwa umebaki mifupa, akasema lile neno lililonikosesha amani mpaka juzi: "Wakinizika, watamwangalia bwana yako. Usikubali. Yeye anafikiri ana deni kwangu, na mtu wa deni hawezi kusema hapana."

Mazishi yalikuwa makubwa. Nani angekosa? Wote aliowainulia walikuja, na pikipiki zao ziliegeshwa kwa mstari chini ya kivuli, zinang'aa. Mwenyekiti alihubiri kuhusu Samsoni, akasema marehemu alikuwa nguzo, mwamba, mnara. Mwalimu mkuu alisema mikono kama ile haizaliwi tena. Afisa wa mifugo alilia kweli, hilo nalikubali, lakini alilia akisema, "Nani ataniinulia sasa?" Hakuna aliyesema neno jeki. Mtu akifa kwa kukosa dawa tunataja dawa. Huyu aliyekufa kwa kukosa chuma cha kilo chache kilicholala mita mia mbili kutoka kwa jeneza lake, tulitaja mnara. Halafu wakati wa kushusha jeneza ulifika, na jeneza lilikuwa zito, kwa sababu mume wangu alilitengeneza kwa mninga na hakutaka kubania mbao. Kamba zikakwama. Nikasikia mzee mmoja akisema kwa mazoea, "Mwiteni yule wa kuinua." Kisha wakakumbuka yumo ndani.

Ndipo vichwa vikaanza kugeuka. Vilipita kwa vijana, vikapita kwa wauza makaa, vikatua kwa mume wangu na mabega yake. Mwenyekiti akamwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya kusikika, "Tunashukuru Mungu hajatuacha mikono mitupu." Mume wangu akainamisha kichwa. Hakukataa. Nilimtazama mgongo wake ndani ya lile koti la kuazima, nikahesabu watoto watatu wanaoutegemea.

Nyumbani hatukuongea, tulipigana kwa maneno. "Mama watoto, mimi ndiye niliyeachilia." "Ndiyo, uliachilia. Na ukivunjika wewe, yeye atasimama?" "Watu watasema nini?" "Watasema wewe ni mnara! Nitawapikia nini watoto, mnara?" Akatoka, akaenda kupiga randa mbao ambazo hazikuhitaji kupigwa randa.

Jumatatu asubuhi afisa wa mifugo akaja akisukuma pikipiki, gurudumu la nyuma limelala. Hakuuliza chochote. Aliiegesha pale pale, akatafuta kinu kwa macho. Mume wangu akavua shati. Mimi nikafunga mtoto mgongoni vizuri, nikamwambia mume wangu, "Legeza hizo nati, na usiiname mpaka nirudi. Ukiinama, leo utalala kwa mama yako," nikaenda kwa mwenyekiti. Alikuwa kibarazani anakunywa chai. Aliponiona akanyoosha mkono, maana yeye husalimu kila mtu, hiyo sifa hatumnyimi. Nami nikamsalimu kwa heshima zote. Wa kulia kwenye wake, wa kushoto kwenye kiwiko, nikapiga goti kidogo. Sikumwachia.

"Habari ya asubuhi, mzee. Nimekuja kuchukua ufunguo wa stoo."

"Ufunguo? Lazima kamati ikae, mama."

"Kamati ikae. Mimi nitangoja." Na mkono wake nimeushika. Nimetwanga kwa mikono hii tangu nikiwa na miaka sita, na yeye hajatwanga kitu. Akavuta kidogo. Akacheka. Akavuta tena. Mkewe akachungulia mlangoni, akaona, akarudi ndani, na nilimsikia akicheka kwenye kikombe. Chai ikapoa. "Mama Mapacha, hii si salamu sasa." "Ni salamu, mzee. Ile ya mume wangu ilichukua kiuno cha mtu. Hii yangu inataka ufunguo tu." Baadaye mwenyekiti akamwita mkewe, mkewe akaja tayari ameushika ufunguo mkononi, wala hakuuliza ni upi.

Jeki ilikuwa nzuri hata inatia uchungu. Kile kitambaa cheupe kilikuwa kimeliwa na mende, lakini chuma kilikuwa safi, grisi ya wageni bado ipo. Nilirudi nayo kiunoni kama mtungi, mwenyekiti akinifuata nyuma kwa hatua fupi, akisema anakuja kuilinda mali ya kanisa. Nikafungua daftari juu ya benchi la seremala, nikasoma kwa sauti. Mume wangu akaleta ubao mpana. Afisa wa mifugo akaambiwa abebe mawe, na akayabeba. Tukafunga breki kwa tyubu, tukafunga usukani kwa kamba pande mbili, moja kwenye mwarobaini, moja kwenye nguzo ya jikoni. Mapacha nikawafungia kuku, au kuku nikawafungia mapacha, sikumbuki, lakini wote walikuwa nyuma ya mlango. Mume wangu akashika usukani. Mimi, na mtoto wangu mgongoni, nikachuchumaa kando, mbali na pale ingeangukia, nikazungusha. Haikuwa kazi. Hiyo ndiyo hasira yenyewe, wasomaji wangu: haikuwa kazi hata kidogo. Mtoto hakuamka. Gurudumu likaachana na mchanga, nikasimama hapo, nikatikisa, nikasukuma gogo huku na gogo kule. Afisa akalizungusha gurudumu kwa kidole, likazunguka, naye akasema polepole, "Kumbe ni hivi tu?"

Ndiyo. Ilikuwa hivi tu. Ng'ambo ya ua, mjane alikuwa amesimama, mikono kichwani, anatazama.

Hapo mwenyekiti, labda kwa sababu hakujua la kufanya na nafsi yake, akafanya alichozoea. Alimwendea mume wangu, akanyoosha mkono. "Habari ya asubuhi, fundi?"

Vidole vya mume wangu vilifunguka kidogo kwenye usukani, kama vilivyofunguka siku ile. Adabu ya miaka thelathini haifi siku moja. Akamtazama mjane pale uani. Kisha vidole vikafunga. "Nzuri, mzee," akasema. "Samahani, nimeshika." Na mkono wa mwenyekiti wa kamati ukabaki hewani mbele ya watu, mpaka mwenyewe akaukunja, akaurudisha mfukoni, na dunia haikuanguka. Wala pikipiki.

Sasa mtaniambia nimemkosea mkubwa heshima, na kwamba marehemu alistahili maneno laini kuliko haya. Maneno laini aliyapata alipokuwa hai, yakamwua. Mimi namwandikia haya makali kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu alikuwa mjinga wa ujinga wetu sote: tunamsifu mtu kwa kubeba kile ambacho hakupaswa kubeba, na tunakitunza chombo kwa kitambaa cheupe ili kisichoke. Jeki iko kwangu. Kamati imeniandikia barua niirudishe. Nimewajibu nitairudisha siku gari litakapokuja, nitalisalimia na kulikabidhi jeki yake. Mpaka siku hiyo, mwenye pancha aje mchana, na ubao wake. Tena, mkimkuta mtu ameshika kitu kizito juu ya mwenzake, msalimieni kwa mdomo. Mkono utangoja. Na kinu changu mkiache.